Siku 90 za mbegu: mwongozo kwa mwanamume wa Mombasa anayevuta na kunywa

Haipiti wiki bila mwanamume mmoja kuniinamia pale dirishani mwa maabara, akageuka kutazama kama kuna anayemsikia, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Daktari, nikiacha sigara leo, Jumatatu nije nipimwe?" Mimi si daktari, ni mtu wa hadubini tu. Na jibu ni hapana. Jumatatu utaniletea mbegu zile zile.

Mbegu ya kiume huchukua siku kama 74 kutengenezwa ndani ya korodani, kisha wiki moja au mbili nyingine ikikomaa kwenye mirija kabla ya kutoka. Jumla ni miezi mitatu hivi. Mbegu utakazoleta mwezi wa tatu zilianza kutengenezwa Disemba, siku zile ulipokuwa unapuliza moja baada ya nyingine kwenye harusi ya binamu yako. Ndiyo maana mpango ulio hapa chini ni wa siku 90. Anayekuuzia dawa ya siku 7 anauza kitu kingine.

Jambo moja kabla hatujaingia kazini: nguvu za kiume na mbegu ni vitu viwili. Nimepima vijana wenye vifua kama wachukuzi wa bandarini, kitandani hawana shida yoyote, na kwenye kioo cha hadubini hakuna kinachotembea. Kwa hivyo "mimi niko sawa, tatizo ni la mke" si jibu mpaka upimwe. Katika karibu nusu ya ndoa zinazosumbuka kupata mtoto, upande wa mwanamume nao una mchango, ama peke yake ama pamoja na wa mke. Hapa kwetu bado mke ndiye anayezungushwa kwa waganga miaka mitatu, halafu mume anaoa wa pili, na wa pili naye hashiki mimba.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mke anayejua mpango wote. Ukiacha sigara kwa siri, hasira za wiki ya kwanza atazielewa vibaya.
- Kalenda yenye siku ya 1 na siku ya 90 zimezungushiwa kalamu.
- Daftari dogo la mfukoni, au simu, mradi uwe unaandika kweli.
- Pesa ya vipimo viwili vya manii, cha mwanzo na cha mwisho. Bei hutofautiana sana kutoka maabara hadi maabara, kwa hivyo piga simu uulize kabla hujapanda matatu.
- Mtu mmoja asiyevuta, ambaye unaweza kumpigia saa tano usiku bila kuona haya.
- Ukitaka, chingamu ya nikotini kutoka duka la dawa. Si lazima.

Kama mmeoana na mmekuwa mkijaribu mwaka mzima bila mimba, au miezi 6 na mke ana miaka 35 au zaidi, usingoje siku 90 ziishe ndipo umwone daktari. Nenda sasa, nyote wawili, na mpango huu uendelee pembeni.

1. Pima kwanza, kabla hujaacha chochote

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anaacha sigara, anakaa miezi mitatu, anakuja kupima, anapata milioni 20 kwa mililita. Je, amepanda au ameshuka? Hakuna ajuaye, hata yeye. Pima ukiwa na tabia zako zote mwilini.

Ulizia maabara siku zao za kupima manii, kwani si wote wanaopima kila siku. Kaa bila tendo siku 2 hadi 7. Mimi napendelea 3. Usikae wiki tatu ukidhani unaweka akiba. Mbegu zilizokaa muda mrefu huongezeka idadi, lakini nyingi huwa zimechoka au zimekufa.

Kikopo ni kile cha maabara. Chupa ya asali iliyooshwa haifai. Usitumie kondomu ya kawaida, kwa kuwa nyingi zina vilainishi vinavyodhuru mbegu. Usitumie sabuni, mafuta ya nazi, wala mate. Manii yote yaingie kikoponi, hasa tone la kwanza, kwa sababu ndilo lenye mbegu nyingi zaidi. Likikumwagikia, sema. Hakuna atakayekucheka, na majibu yatasomwa kwa kuzingatia hilo.

Wengine dini huwazuia kujitoa manii kwa mkono, na swali hili huja dirishani kwa aibu kubwa. Ipo kondomu maalumu isiyo na dawa, inayotumika mkiwa wawili, wewe na mkeo, kisha kilichomo kikamiminwa kikoponi. Uliza maabara kama wanayo, na suala la hukumu mpelekee shehe au padri wako. Njia ya kuchomoa mwishoni siipendi, kwa sababu lile tone la kwanza ndilo linalopotea.

Kikopo kinifikie ndani ya saa moja, nusu saa ikiwezekana, na kisipate baridi wala jua kali. Kitie mfuko wa shati, karibu na mwili. Kijana mmoja wa ng'ambo ya feri aliwahi kuniletea chake ndani ya mfuko wa barafu ya samaki. Alikuwa amekifunga kwa ustadi, karatasi juu ya karatasi, kama kamba wa kupelekwa hotelini. Alitoka kwao Likoni saa kumi na mbili na nusu, foleni ya feri ikamshika, akafika kwangu saa mbili na nusu. Niliweka tone kwenye kioo: mbegu tele, hata moja haitikisiki. Nilimrudisha nyumbani, akaja wiki ya pili akalala kwa dadake Majengo, akanikabidhi kikopo cha dakika 20. Zaidi ya nusu zilikuwa zinatembea. Mtu yule yule, sigara zile zile. Kama si dadake, angekuwa ameambiwa hana mtoto maishani kwa sababu ya barafu. Ukitoka ng'ambo, omba chumba cha kutolea sampuli pale pale maabara.

Ukipewa karatasi ya majibu, linganisha na viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya 2021:

- ujazo: mililita 1.4
- idadi: milioni 16 kwa kila mililita
- jumla kwa mara moja: milioni 39
- zinazotembea: asilimia 42
- zinazotembea kwenda mbele: asilimia 30
- zenye umbo zuri: asilimia 4

Huo mstari wa mwisho umewanyima watu usingizi bure. Mtu anasoma "asilimia 94 zina kasoro" anadhani amekwisha. Hapana. Asilimia 6 zenye umbo zuri ni matokeo mazuri. Mbegu za binadamu ndivyo zilivyo. Na kuwa chini ya kiwango hakumaanishi huwezi kuzaa, ni kwamba huenda ukachukua muda mrefu zaidi.

2. Andika wiki moja bila kubadilisha kitu

Siku 7, kila sigara na kila glasi. Andika saa, mahali, na uliyekuwa naye. Usijidanganye kwa kuhesabu pakiti. Mombasa wengi hununua moja moja kwenye kibanda, na moja moja haina hesabu kichwani. Jamaa mmoja aliniapia kwamba anavuta tano kwa siku. Daftari likasema kumi na nne. Tisa zote zilikuwa barazani, baada ya isha, na kahawa chungu mkononi.

Ukimaliza wiki utaona mambo mawili: idadi ya kweli, na vile vituo viwili vitatu ambako sigara hukusubiri. Kazi ya hatua ya tatu ni hivyo vituo.

Pombe nayo ihesabu sawasawa. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina kama gramu 17 za kilevi. Kichupa cha mililita 250 cha pombe kali ya asilimia 40 kina karibu gramu 79. Yaani ukikimaliza peke yako umekunywa kama bia tano, hata kama machoni kinaonekana kidogo. Mzinga mzima wa mililita 750 ni kama bia 14. Mnazi hauna lebo: wa asubuhi ni mtamu, wa jioni umeshachacha na umekuwa mkali, kwa hivyo chupa mbili za mangweni saa kumi na moja si sawa na chupa mbili za saa nne. Andika chupa na saa.

3. Acha sigara kwa siku moja iliyopangwa

Moshi hupunguza idadi ya mbegu na kasi yake, na huharibu DNA iliyobebwa ndani. Mwaka 2016 watafiti walikusanya tafiti 20 zenye wanaume 5,865, na wavutaji walikuwa na mbegu chache na zenye mwendo hafifu zaidi. Waliovuta sana waliathirika zaidi. Nikotini pia hubana mishipa ya damu, na uume husimama kwa damu. Nadharia inatosha.

Chagua tarehe ndani ya wiki mbili zijazo. Usiku wa kuamkia siku hiyo toa sigara, viberiti na visahani vya majivu nyumbani na garini. Kisha acha zote, kwa mara moja. Najua wako waliofaulu kupunguza polepole, lakini wengi niliowaona wakipunguza walifika nne kwa siku wakakaa hapo mwaka mzima, na zile nne wakizivuta mpaka kichungi kiungue.

Siku 3 za kwanza ndizo mbaya zaidi. Kichwa kinauma, hasira zinapanda juu, usingizi hauji. Baada ya wiki 2 hadi 4 inalegea. Hamu yenyewe ikija hudumu dakika chache. Kunywa maji, tembea mpaka kona na kurudi, tafuna karafuu au kipande cha tangawizi. Baraza lako la isha lihame kwa mwezi mmoja. Si lazima uwakimbie marafiki, badilisha kahawa iwe chai ya tangawizi na ukae upande upepo unakotoka.

Ukitumia chingamu ya nikotini: kama sigara yako ya kwanza huiwasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka, anza na ya miligramu 4, ukichelewa zaidi ya hapo, ya 2. Usiitafune kama chingamu ya watoto. Tafuna taratibu mpaka iwashe, ikwamishe kati ya shavu na ufizi, ikipoa rudia. Nikotini yenyewe si rafiki wa mbegu, lakini hapo angalau hakuna moshi, kadimiamu wala kaboni monoksidi. Ifanye ngazi ya kushukia, na kufikia siku ya 90 uwe umeshaitupa.

Kwa anayefunga, Ramadhani ni mlango mzuri sana. Kuanzia alfajiri mpaka magharibi ni zaidi ya saa 13 bila hata pafu moja, na mwili umeshaonyesha kwamba unaweza. Tatizo ni baada ya futari. Nimewaona watu wakifungua kwa tende moja na sigara tatu. Kama utaanza mwezi huo, panga usiku wako kabla hujapanga mchana.

*Angalia:* kuberi, ugoro na tambuu yenye tumbaku si njia ya kutokea. Vipakiti vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo na sigara za umeme pia si "kuacha". Na moshi unaopuliza sebuleni unamfikia mke, ambaye mayai yake nayo hudhurika. Kuvutia kwenye roshani dirisha likiwa wazi ni kujifariji.

4. Pombe: jua kwanza uko kundi gani

Pombe nyingi hushusha homoni ya testosteroni, hudhoofisha korodani, na ini likichoka homoni za kike hubaki nyingi mwilini. Ndiyo maana utaona mlevi wa siku nyingi ana matiti na ndevu zimepungua. Kwa mnywaji wa kawaida picha si kali hivyo, na sitaki kukutisha kwa uongo. Utafiti wa Denmark wa 2014 uliopima vijana 1,221 uliona ubora wa mbegu ukianza kushuka kwa waliozidi vipimo 5 vya pombe kwa wiki, na tofauti kubwa zaidi ilikuwa kwa waliozidi 25. Kwa bia zetu za nusu lita, 5 ni kama chupa tatu na nusu kwa wiki, na 25 ni kama chupa 18. Rudi kwenye daftari lako ujiweke mahali pako.

Kundi la kwanza ni wanaokunywa wikendi, au chupa mbili tatu kwa wiki. Acheni kabisa kwa siku 90. Ni rahisi kuliko kuhesabu, na itakuondolea ile sigara inayokuja na chupa ya pili. Ukishindwa, basi zisizidi tatu kwa wiki na zisiwe za usiku mmoja.

Kundi la pili ni anayekunywa kila siku, na hasa anayeamka mikono ikitetemeka mpaka apate kidogo. Wewe usiache ghafla peke yako nyumbani. Ndani ya saa chache hadi siku 3 mwili unaweza kuanza jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, degedege, na kuona vitu visivyokuwepo, na watu hufa kwa hilo. Nenda hospitali waseme ni dawa gani na kwa mpangilio gani. Simu ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, ni ya bure, unaweza kuanzia hapo bila kutaja jina.

Chang'aa haina nafasi katika mpango huu, hata kidogo. Hujui kilichotiwa ndani, na methanoli hupofusha macho kabla ya kufika kwenye mbegu.

5. Muguka, shisha, bangi

Nitaenda haraka. Shisha ni tumbaku, hata ikinukia tufaha, na kikao cha saa moja kina moshi mwingi kuliko sigara. Bangi: huko huko Denmark, vijana waliovuta zaidi ya mara moja kwa wiki walikutwa na mkusanyiko wa mbegu ulio chini kwa asilimia 28. Anayekwambia ni majani tu ya asili mwambie hata tumbaku ni majani.

Muguka, yale majani ya jamii ya miraa, najua utabisha. Kelele za Mei 2024, gavana alipoupiga marufuku na mahakama ikasimamisha, ziliwafanya watu waone ni siasa tupu. Mimi siasa siiwezi. Ninachokiona ni hiki: anayetafuna kuanzia alasiri hulala saa tisa usiku, halali vizuri, hali vizuri, na katikati amevuta sigara kumi kwa sababu mdomo umekauka. Katika daftari la hatua ya pili, muguka ndio mlango wa sigara kwa zaidi ya nusu ya vijana niliowasomea. Ukiacha sigara na muguka ukabaki, sigara itarudi ndani ya wiki.

6. Joto na dawa

Korodani hutaka kuwa na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya mwili. Ndiyo maana Mungu akazitundika nje. Mombasa tayari kuna joto. Dereva wa trela anayekalia injini mpaka Malaba, mpishi wa mahamri mbele ya moto, fundi wa tanuri: simama kila saa, vaa suruali pana, chupi ya pamba. Kikoi nyumbani ni dawa ya bure. Kompyuta isikae mapajani.

Sasa dawa, na hapa nasisitiza. Sindano za testosteroni na vidonge vya kujaza misuli vinavyouzwa chinichini kwenye gym huufanya mwili uone homoni ipo tele, ukafunga kiwanda. Mbegu hushuka hadi sifuri. Huwa inarudi ukiacha, lakini huenda ikachukua miezi mingi. Vidonge vya kusimamisha havizidishi mbegu hata moja. Na zile chupa za zinki na foliki za kuongeza rutuba, mwaka 2020 zilijaribiwa Marekani kwa wanandoa zaidi ya 2,300, na hazikuongeza ubora wa mbegu wala watoto. Pesa hiyo nunua samaki na machungwa.

7. Kitandani

Kila siku ya pili au ya tatu, mwezi mzima. Msikae na kalenda mkingoja siku moja ya ajabu; mbegu huweza kuishi ndani ya mke siku kadhaa zikingoja yai. Vilainishi vingi huzuia mbegu kutembea, na mate ni hivyo hivyo. Kama lazima mtumie kitu, duka la dawa wana vilainishi vilivyotengenezwa kwa wanaotafuta mtoto.

8. Siku ya 90, rudi maabara ile ile

Idadi ile ile ya siku bila tendo, muda ule ule wa kufika, na ikiwezekana mpimaji yule yule. Maabara mbili hutofautiana, na hata mtu mmoja hubadilika kutoka wiki hadi wiki. Ukiwa na homa kali, malaria kwa mfano, katika miezi hiyo mitatu, sema. Homa hushusha mbegu kwa wiki kadhaa, na huenda ukaambiwa ungoje.

Ikikwama

*Nimevuta moja siku ya 20, nimeharibu?* Hapana. Moja ni moja. Kinachoharibu ni ile ya pili unayovuta kwa kuwa "imeshaharibika". Andika ilikuwa wapi na nani alikupa, endelea na siku ya 21.

*Kipimo cha pili hakikupanda.* Kwanza angalia kikopo kilivyokuja, kisha uliza daktari akuguse. Mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, inayohisiwa kama minyoo ndani ya mfuko, hupatikana kwa kama asilimia 15 ya wanaume wote na kwa zaidi ya theluthi moja ya wenye tatizo la uzazi. Sigara haikuileta na kuacha sigara hakutaiondoa, lakini inatibika.

*Majibu yanasema hakuna mbegu kabisa.* Kipimo kirudiwe. Kikirudi vile vile, acha kulaumu sigara na pombe peke yake. Huenda njia imeziba, huenda ni homoni, huenda ni matumbwitumbwi yaliyokupata ukubwani yakaingia korodanini. Hapo unahitaji daktari bingwa wa mkojo na uzazi wa kiume. Hospitali Kuu ya Pwani ni mahali pa kuomba rufaa.

*Nimeacha sigara, sasa kitandani nimelegea zaidi.* Wiki za kwanza usingizi na wasiwasi hufanya hivyo. Ikipita mwezi mmoja na nusu, pima sukari na shinikizo la damu kabla hujaenda kutafuta vidonge vya barabarani.

*Mke anasema nimekuwa mkali.* Amesema kweli. Mwonyeshe kalenda, mwambie ni siku ya ngapi.

*Mimba imeingia siku ya 40.* Hutokea, kwani hata mbegu chache huweza. Endelea bila moshi nyumbani, na kipimo cha siku ya 90 ukitaka kiache. Nikikukuta barazani umewasha, nitakuomba daftari.

*Nakaa ng'ambo na maabara yangu haina chumba.* Lala kisiwani usiku mmoja, kwa ndugu au rafiki. Ukishindwa, tafuta maabara upande wako wa maji. Feri ya asubuhi haina adabu, na mbegu hazijui foleni.